Kosa la Kutosimama

Usiku wa kuamkia juzi ndoto ilinichukua ikanirudisha shuleni, nikiwa na miaka yangu sitini na tatu, ndani ya kaptula ya kaki, nimeitwa kujibu shtaka la kutosimama.

Waliosoma Shule ya Wavulana ya Kwemihogo watajua uzito wa shtaka hilo. Kwetu kusimama kulikuwa nusu ya elimu. Mwalimu akiingia, unasimama. Bendera ikipanda, unasimama. Ukiulizwa jambo, unajibu umesimama, kwa kuwa kanuni ya shule ilisema: msema kweli husimama, mwongo ndiye hubaki kitini. Nimeishi kwa kanuni hiyo tangu ujana wangu, na hakuna kiranja aliyewahi kuandika jina la Fidelis Mntambo kwa kosa lolote.

Ndiyo maana nilishtuka.

Inafaa msomaji aijue hali yangu ya mchana, asije akanidhania mlevi. Kabla ya masika nilichomwa sindano ya kipimo, zikachukuliwa nyama kidogo za tezi dume, na jibu likaja kwamba ni saratani. Baada ya masika nikapasuliwa, tezi ikatolewa yote. Nimepona. Tangu hapo nikawa nalala chumba cha wageni. Mke wangu, Mama Hilda, hakuniuliza sababu, nami sikumwambia. Wiki hii akaanza kupanga nguo zake kwenye begi. Akasema anakwenda kwa kaka yake Muheza. Hakusema atarudi lini.

Kuhusu kliniki sina la kujilaumu. Daktari Asnath, binti wa rika la mwanangu wa mwisho, aliniuliza huku ametazama dirishani: "Mzee wangu, na kusimama je? Kunaendaje?"

Nikamjibu: "Vizuri sana, daktari. Hata kanisani mimi ndiye wa mwisho kukaa."

Akanishukuru. Nami nikamshukuru. Tukaagana kwa heshima.

Sasa turudi ndotoni.

Naitwa na kengele. Ni ileile rimu ya lori iliyokuwa ikining'inia nje ya bwalo, ila safari hii ina meno na imefunga tai.

"Mntambo, Fidelis!" inasema rimu. "Bwaloni! Sasa hivi!"

"Nipo," naitikia.

"Upo, lakini hujasimama," inasema, kisha inajigonga yenyewe.

Naingia bwaloni. Nawekwa kwenye kiti kizito cha mbao, chenye mikono, mbele ya shule nzima. Wanafunzi hawapo. Waliohudhuria ni vyombo.

Mwalimu wa nidhamu anaingia. Ni mpira wa mkojo, uleule niliotoka nao hospitali: mrefu, mwembamba, wa rangi ya chai ya maziwa, amevaa koti na miwani. Nyuma yake anaburuta mfuko wake kama maharusi wanavyoburuta shela.

"Simameni!" anaamrisha.

Meza zinasimama kwa miguu ya nyuma. Vijiko vinasimama. Sufuria la uji linasimama, na ukoko uliomo ndani unasimama kivyake. Picha za wakuu wa shule waliopita zinasimama ndani ya fremu zao ukutani, marehemu wote, bila kunung'unika. Aliyekaa ni mimi peke yangu.

Nakaza miguu. Najisukuma. Kiti kimenikamata mapaja.

"Niachie," nakiambia kwa sauti ya chini.

"Siwezi, mzee," kinasema kiti. "Kanuni."

"Kanuni ipi?"

"Msema kweli husimama. Wewe umemdanganya daktari."

"Sijamdanganya mtu! Aliniuliza kama nasimama. Nikasema nasimama."

Kiti kinashusha pumzi, kama mtu anayemwonea haya mkwewe. "Mzee Mntambo, yule ni binti wa watu. Ulitaka akuulizeje? Akutajie?"

Bwalo zima linacheka. Vijiko vinagongana, ukoko unajishika mbavu. Mimi sicheki. Nimeganda. Maneno ya binti yule yananirudia moja moja, na lile dirisha alilolitazama, na jibu langu kuhusu kanisa. Kumbe swali lilikuwa lile. Kumbe nilimjibu swali hilo kwa kujisifu kwamba hata kanisani mimi ndiye wa mwisho.

"Shahidi wa kwanza!" anasema Mwalimu Mpira.

Anaingia Bibi Sindano, mrefu, ameinama kidogo, amejitanda khanga. Anakataa kukaa. Anasema kazi yake ni kuingia na kutoka, hana tabia ya kukaa.

"Huyu baba nilimweleza," anaanza. "Nilimwambia, baba, nikishatoka utaona damu kwenye mkojo siku kadhaa. Usitishike. Na kwenye maji yako ya kiume damu itakaa wiki nyingi, itageuka iwe kama kutu, mwisho itaisha yenyewe. Ila ukishikwa na homa na baridi, hapo usingoje, kimbia hospitali. Niliyasema yote. Yeye alikuwa akikagua dari."

"Dari ilikuwa na ufa," nasema.

"Ndiyo, ulikuwa mkubwa," anakubali Bibi Sindano, kwa kuwa ni mtu wa haki.

"Na ulipoiona hiyo kutu ulifanya nini?" ananiuliza Mwalimu Mpira.

Anayejibu ni shuka. Linaingia lenyewe, limenyooka, linanuka jiki.

"Alidhani anakufa," linasema shuka. "Akanitoa kitandani alfajiri akanifua mwenyewe, kwenye beseni, amevaa fulana. Waheshimiwa, mwanamume huyu tangu aoe hajafua hata leso. Baada ya upasuaji akaanza kuvuja mkojo, nikawa nafuliwa kila kukicha. Mama Hilda alikuwa dirishani. Aliniona kwenye kamba. Akasema, 'Kumbe.'"

"Kumbe nini?" anauliza Mwalimu Mpira.

"Kumbe tu."

Vijiko vinaacha kugongana. Hata rimu huko nje inaacha kulia. Mwanamke wa kwetu akisema kumbe kisha akaishia hapo, ujue nyumba imeshaanza kuhama. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili wakati neno hilo likitamkwa, na sikulisikia.

"Mama Hilda alidhani nini?" nauliza.

"Mwanamume mzima anaficha mashuka, amehama chumba, hataki kuguswa," linasema shuka. "Wewe ungedhani nini?"

Natamani kuinuka nitoke. Nainuka kweli, lakini kiti kinakuja nami, kimeng'ang'ania matakoni kama gamba la kobe. Natembea nimejikunja. Ukuta wa bwalo unanipisha, nami najikuta kwenye lango la shule, jua la saa tano, vumbi.

Langoni kuna mtu anafukuzwa shule. Ni mdogo, mviringo, kama ndimu iliyovimba, amejitwika sanduku lake la bati. Namtambua bila kuambiwa. Ni tezi dume wangu.

"Unakwenda wapi?" namuuliza.

"Nimefukuzwa. Nilishirikiana na saratani," anajibu bila kinyongo. "Ni haki. Hata ningekuwa mimi mkuu wa shule, ningenifukuza."

"Lakini wewe ndiye dume! Ukiondoka, mimi nabaki nani?"

Anaweka sanduku chini. Ananitazama kama mtu anayemsikitikia mwenye elimu.

"Fidelis, kazi yangu mimi ilikuwa tezi. Dume ni jina la ukoo tu. Hata mpapai dume unaitwa dume, umewahi kula papai lake? Nilikuwa natengeneza maji ya kusafirishia mbegu, basi. Kwa hiyo hayo maji usiyatarajie tena. Raha utaisikia, lakini itakuja kavu, na hilo si ugonjwa. Ama kusimama, hakukuwa kazi yangu. Waulize walinzi."

"Walinzi gani?"

"Wale wawili waliokuwa wakilala ubavuni mwangu, huyu kulia, huyu kushoto. Nilipong'olewa waliumia. Unisalimie hao."

Anajitwika sanduku na kuondoka, akipiga mluzi. Nasimama, yaani nakaa, nikimwangalia akipotea barabarani. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufukuzwa shule na bado akawa na adabu kuliko mimi.

Lango linabaki wazi. Bawabu wake ni Kibofu, mnene, mwenye jasho, anahangaika na komeo jipya lisilokaza.

"Shikamoo, mzee," ananiamkia. "Nisamehe kwa hili lango. Ukikohoa, wanatoroka wanafunzi wawili watatu. Ukibeba ndoo, wanatoroka. Ukicheka ndiyo usiseme, bweni zima."

"Mimi sicheki," namwambia.

"Ndiyo maana bado una wanafunzi," anasema kwa heshima. "Lakini komeo hujifunza. Kaza kwa ndani, mzee, kama unayezuia upepo mbele ya mama mkwe. Kaza, shikilia, achia. Kila siku. Taratibu litashika."

Nakaza palepale. Lango linasogea kidogo, linatoa mlio. Nashangaa hadi nasahau kumshukuru. Ninapogeuka ili nimshukuru, hakuna lango tena. Niko katika chumba cha wagonjwa cha shule, na juu ya mikeka miwili wamelala wazee wawili, wanafanana kama kope, wamefungwa bendeji kuanzia shingoni hadi visigino. Marungu yao yameegemezwa ukutani.

"Ninyi ndio walinzi?" nauliza.

"Ndio sisi," anasema wa kulia.

"Mmekufa?"

"Tumezimia," anasema wa kushoto. "Kuna tofauti. Mfu haulizwi maswali."

"Mtaamka lini?"

Wanatazamana. "Sisi ni mishipa ya fahamu," anasema wa kulia. "Haraka si ukoo wetu. Pengine mwaka. Pengine miwili. Pengine ataamka mmoja, mwenzake asiamke. Pengine tukaamka sote, lakini tukawa walinzi wa kusinzia. Hatukuahidi."

Najiegemeza kwenye kiti changu. Miaka miwili! Na Mama Hilda anakwenda Muheza na basi la asubuhi.

"Hakuna dawa?" nauliza, na sauti inayonitoka si ya kwangu. Ni ya mwanafunzi mgeni wa siku ya kwanza.

"Zipo," anasema wa kushoto. "Kuna vidonge. Kuna pampu. Kuna sindano ndogo. Daktari anavyo, ameviweka mezani. Lakini wewe ulimwambia tuko kazini, tunasimama mpaka kanisani. Nani atampelekea dawa mlinzi aliye kazini?"

"Na daktari atasema jambo moja," anaongeza wa kulia, huku akifumba macho. "Njooni wawili."

Kabla sijawajibu, rimu inalia kwa furaha. Leo ni siku ya wageni.

Nimerudi bwaloni. Milango yote imefunguliwa. Vyombo vimejipanga pembeni, vimejisugua vinang'aa. Na mlangoni anaingia Mama Hilda, amevaa kitenge chake cha sikukuu. Mkono mmoja ameshika hotipoti iliyofungwa kwa kitambaa. Mkono wa pili ameshika begi.

Kanuni ya Kwemihogo iko wazi: mgeni akiingia, mwanafunzi anasimama kumpokea. Nakaza. Kiti kinakaza zaidi.

Anakuja hadi mbele yangu. Haweki chini hotipoti wala begi.

"Baba Hilda, humpokei mgeni?"

"Nimekwama," nasema.

"Naona. Basi nijibu hapohapo ulipokwama. Ni nani huyo?"

"Nani?"

"Huyo anayekufulisha mashuka."

Sufuria la uji linaziba macho kwa mfuniko. Mwalimu Mpira ananiinamia. "Mntambo. Mwambie. Umesoma, una maneno."

Ni kweli, nina maneno. Nasafisha koo. "Mama Hilda, baada ya upasuaji kumejitokeza upungufu fulani wa kiutendaji."

Kiti kinanibana hadi mbavuni.

"Yaani," nasema haraka, "jogoo hawiki."

Mlango unafunguka, anaingia jogoo, amekasirika. "Nani kanitaja? Mimi nimewika tangu alfajiri, muulize jirani yeyote. Msinisingizie kwenye nyumba za watu!" Anatoka.

"Namaanisha, mashine haifanyi kazi."

Inaingia cherehani. "Mimi mzima," inasema. "Nimetiwa mafuta juzi." Nayo inatoka.

Mama Hilda anahamisha begi mkono. "Baba Hilda, basi langu haliningoji. Nimeishi na wewe nikikisia. Nimekisia hasira zako, nimekisia furaha zako, hata chumvi nimekisia. Hili silikisii."

Anageuka. Naona mgongo wake. Naona kisigino cha kulia, na ule mpasuko ambao huupaka mafuta ya nazi kila jioni, na nagundua kwamba sijauona tangu masika. Kiti kinanong'ona sikioni: "Mzee. Kwa jina lake."

Shuleni hatukufundishwa kulitamka neno hilo isipokuwa kwa Kilatini, tena wakati wa baiolojia. Nimelitamka.

"Mama Hilda. Uume wangu hausimami. Tangu wanipasue. Navuja mkojo pia. Hakuna mwanamke. Niliogopa."

Kiti kinaniachia kwa ghafla, karibu nianguke kifudifudi. Nimesimama. Bwalo zima, vijiko na marehemu wa ukutani, wananitazama, na hakuna anayecheka.

Mama Hilda amesimama mdomo wazi. Kisha anauliza: "Basi?"

"Basi."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Na mimi nilishampa jina! Zubeda wa Magunga. Nilishamjua mpaka mwanya wake. Nimemtukana bafuni, nimemtukana shambani, nimemtukana mbele ya kuku. Kumbe hayupo?"

"Hayupo."

"Zubeda wa watu!" anasema, na machozi yanamtoka, lakini si ya huruma. Amenikasirikia kwelikweli, kuliko nilivyowahi kumwona. "Mjinga wewe! Ningeyafua mimi hayo mashuka. Kuna mtu alikwambia mimi niliolewa na huyo asiyesimama? Niliolewa na wewe, unayesimama ovyo kila mahali! Ulikuwa umelala pale peke yako unaogopa, na mimi nimelala huku peke yangu naogopa, ukuta mmoja. Hiyo ndiyo shule uliyosoma?"

Hakuna kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya swali hilo.

Anaweka begi chini. Anafungua hotipoti, na harufu ya samaki wa kupaka inajaa bwalo lote, nazi nzito, ndimu, pilipili mbuzi.

"Kula kwanza," anasema. "Nataka nikugombeze umeshiba."

"Nikae?"

"Hapohapo ulipo."

Nakula nimesimama, kwa mkono, huku ananitazama kila tonge kwa ukali. Nina njaa ya ajabu. Nameza haraka, na katika ule upapara kitu kinanichoma kwenye ufizi, nami naamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Nilikuwa chumba cha wageni, kwenye kitanda changu chembamba, shuka limelowa kama kawaida yake. Nilishukuru kwamba ilikuwa ndoto. Nikajisemea kwamba mtu wa umri wangu hapaswi kusumbuliwa na vyombo.

Lakini ufizi uliendelea kuchoma.

Nikaingiza vidole kinywani, nikavuta, nikautoa. Nikaupeleka dirishani kwenye mwanga. Ulikuwa mwiba wa samaki, mrefu kama kucha, mweupe.

Nikatoka nao mkononi. Mama Hilda alikuwa jikoni, amechutama, anafunga zipu ya begi. Aliinua macho, akauona.

"Huo nini?"

"Mwiba wa samaki. Ulikuwa kwenye ufizi."

Akasimama taratibu. "Samaki? Nyumba hii mara ya mwisho kuona samaki ni Pasaka. Na jana usiku hukula kabisa, ugali nilimpa mbwa." Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hatimaye ameshika alichokuwa akikitafuta. "Sasa leo utanieleza, Baba Hilda. Umepikiwa na nani?"

"Na wewe," nikasema.

Akaninyang'anya mwiba. Akaunusa kwa hasira. Akaunusa tena, bila hasira. Kisha akauweka kwenye ncha ya ulimi, na nikaona uso wake ukibadilika, rangi ikimtoka.

"Huu ni mkono wangu," akasema polepole. "Hii ni nazi yangu. Nani mwingine anatia pilipili mbuzi nzima bila kuipasua?"

Nje, honi ya basi la Muheza ikalia. Hakuna aliyegeuka.

Mama Hilda akalikalia begi lake, mwiba mkononi, akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Haya," akasema. "Nieleze."

Nikasimama wima, mikono ubavuni, nikamweleza.